Mwalimu wa Miguu, Kebirigo

Siku yangu ya kwanza kazini nilipanda ngazi za jengo moja nyuma ya soko la Kisii nikiwa nimevaa viatu vya kanisani. Tangazo lilikuwa limesema tuje na viatu vyenye soli ngumu, na sikuwa na vingine. Chini ya jengo waliuza misumari na mabati. Juu palikuwa na chumba kirefu chenye sakafu ya mbao na kioo kilichofunika ukuta mzima, na hapo ndipo ilipokuwa shule ya densi. Nilikuwa nimefundisha chekechea nyumbani Kebirigo miaka kadhaa. Nilijua kuimbisha watoto na kuwapanga mistari, lakini densi ya viatu vya bati nilikuwa nimeiona kwenye televisheni ya jirani tu, tena nikadhani ni mzaha.

Ninawaeleza haya ninyi vijana mnaofundisha watoto leo, ambao hatua mnazitoa kwenye simu kabla hata ya chai ya asubuhi. Sisi tulizitoa kwa mtu mmoja, uso kwa uso, na mtu huyo alikuwa Mkurugenzi.

Mkurugenzi alikuwa mama wa Kisii aliyekaa ng'ambo tangu ujana wake na kurudi na ujuzi ambao hakuna aliyejua pa kuuweka. Hatukuwahi kumwita kwa jina. Asubuhi hiyo tulikuwa wawili mbele yake: mimi, Kwamboka, na msichana mmoja wa mjini aliyeitwa Rukia. Baba yake Rukia aliuza vitambaa karibu na stendi. Mama yake alikuwa Mkisii kama mimi. Rukia alijifunga kitambaa cha kijani kichwani, akavaa suruali pana, na alisema Kiswahili kinachoteleza kama mafuta. Changu kilikuwa cha shuleni. Nilikisema kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Tembeeni," Mkurugenzi akasema. "Mmoja mmoja." Kisha akatupa mgongo, akatazama ukuta usio na kioo, akitusikiliza tu.

Alitembea Rukia, nikatembea mimi. Mkurugenzi akageuka. "Huyu ana sikio," alisema akimwonyesha Rukia. Akanitazama mimi kidogo. "Na huyu ana bidii."

Mtu akikuambia una bidii siku ya kwanza, ujue mwenzako amepewa kile kingine.

Nieleze kazi yenyewe. Densi hii huchezwa kwa viatu vyenye vibati viwili vya chuma, kimoja mbele chini ya vidole, kingine kwenye kisigino. Mchezaji ni mpiga ngoma, na ngoma yake ni sakafu. Viatu vya dukani hatukuwa navyo. Tulichukua viatu vyeusi vya shule, vile ambavyo kila mtoto anavyo, tukampelekea fundi wa jua kali akate vibati na kuvifunga kwa skrubu. Fundi huyo tulimfundisha jambo moja kwa taabu: skrubu zisikazwe mpaka mwisho. Bati lililokazwa sana hutoa sauti ya mtu aliyezibwa mdomo. Likilegezwa kidogo, linaongea. Lakini likilegea kupita kiasi, linapiga kelele hata usipolitaka, na mtoto anaporuka linaweza kuchomoka.

Sakafu nayo ina adabu zake. Juu ya saruji huwezi kufundisha watoto. Magoti yao yatalia kabla hawajafika darasa la nane. Panatakiwa mbao zilizoinuliwa kidogo kutoka chini, ziwe na pumzi. Na kabla ya mguu kuguswa, tulianza na mikono. Mtoto apige makofi mpaka mdundo ukae mwilini, ndipo aruhusiwe kusimama. Hatua ya kwanza ilikuwa kufagia: ncha ya kiatu inapangusa sakafu kwenda mbele. Ya pili ni kufagia na kurudi, sauti mbili kwa mguu mmoja. Halafu kisigino, halafu kubadili mguu. Mkurugenzi alizitaja kwa Kiingereza. Rukia akazitaja vivyo hivyo, kwa madaha. Mimi ndiye niliyezipa majina ya Kiswahili, kwa kuwa wanafunzi wangu hawakuwa na muda wa majina mawili.

Siri ya kazi yote ni uzito. Mtoto mgeni husimama kwa miguu yote miwili na kujaribu kuipiga yote miwili. Haiwezekani. Mguu mmoja ubebe mwili, mwingine uwe mtupu, na ule mtupu ndio unaosema. Jambo hilo lilinichukua muda kulielewa. Rukia alilielewa kabla ya chai ya saa nne.

Mafunzo yalipokwisha, Mkurugenzi alitugawa. Rukia abaki mjini, chumba cha kioo. Mimi niende Nyakoe kufungua tawi.

"Nyakoe wanahitaji mtu mvumilivu," aliniambia.

"Na mjini?"

"Mjini wanahitaji mfano."

Nyakoe nilipewa ukumbi nyuma ya maduka, tukaweka plaiwudi juu ya mabanzi. Kioo hakikuwepo. Watoto walijitazama kwenye kidirisha jioni inapoanza kuingia, wakijiona nusu nusu. Wengi walikuwa watoto wa wafanyabiashara wadogo, wenye akili za haraka na nidhamu kidogo. Siku moja mzee wa kanisa alisimama mlangoni mpaka somo likaisha, kisha akaniuliza, "Mwalimu, hii ni ngoma au ni masomo?"

"Ni hesabu, mzee," nilimjibu, na ni kweli, maana mchezaji huhesabu tangu mwanzo hadi mwisho.

Akafikiri. "Hesabu yenye kelele hivi?" Lakini wiki iliyofuata alileta wajukuu wake.

Kila muhula walimu wote tulikutana mjini kwa mafunzo. Nilikuwa nikifika mapema makusudi, nikisimama nje ya mlango wa Rukia na kuchungulia kwenye kipande cha kioo kilichokuwa mlangoni. Wanafunzi wake walivaa soksi zinazofanana. Wazazi walikaa kwenye viti ukutani, akina mama wa mjini wenye mikoba, na Rukia akiwasemesha kile Kiswahili chake walicheka na kuinamisha vichwa. Wazazi wa kwangu walinisemesha Ekegusii, lugha yetu, na kuniuliza bei ya ndizi imefikia ngapi. Niliutazama mkono wake ukirekebisha bega la mtoto, mkono mwepesi, na ndani yangu kitu kilijikunja kama jani la mgomba kwenye moto. Nilimwonea wivu wa kioo, wa soksi, wa ulimi, wa sikio. Nilimwonea wivu hata wa ngazi, kwa sababu yeye alizipanda kila siku na mimi nilizipanda kama mgeni.

Yeye alikuwa akinikaribisha vizuri. Hilo liliuzidisha wivu.

Kutoka Nyakoe nilihamishiwa Kebirigo, nyumbani kwetu, kufungua tawi lingine. Mratibu wa Matawi, bwana mmoja mwembamba aliyependa kusema "kwa kifupi" na kisha kuongea mpaka jua likazama, aliniambia hiyo ilikuwa heshima. Nilimuuliza kama heshima hiyo ilikuwa na kioo. Alisema, kwa kifupi, hapana.

Kebirigo nilidhani watu wangu wangenifukuza. Sisi ni Wasabato wengi huko, na baba yangu mzazi hakuwa ameacha kuuliza lini nitapata kazi ya kueleweka. Walionikinga ni akina nyanya. Mmoja alikuja akaokota kiatu cha mtoto, akagonga kile kibati kwa ukucha. Akasema mama yake alivaa ebitinge, zile pete za chuma za kifundoni walizovaa wake zamani, na alipotembea kijiji kizima kilijua anakuja. "Sasa chuma kwenye mguu ni kitu kigeni tangu lini?" aliwauliza wenzake. Neno lake lilitembea kuliko tangazo lolote.

Tulipewa ukumbi karibu na kituo cha kununulia majani chai. Ndipo akaja Bosibori.

Mama yake alimleta kama mtu anayeleta mtoto kwa daktari. Alimshika bega, akamsimamisha mbele yangu, akasema, "Mwalimu, hii mtoto haitulii miguu. Darasani chini ya dawati ni kugonga tu. Walimu wamechoka, mimi nimechoka, hata ng'ombe nikikamua anagonga. Nimesikia wewe unafundisha miguu. Nisaidie."

Mtoto alikuwa mdogo, wa chekechea bado, na amevaa gambuti za dada yake. Nikapiga makofi mdundo mmoja. Akaujibu kwa gambuti. Nikapiga mgumu zaidi, wenye pengo katikati. Akasubiri lile pengo, akalipita, akamaliza pamoja nami.

Nilimwambia mama, "Huyu si mgonjwa. Niachie."

Sijui niwaeleze vipi mwalimu anavyojisikia akipata mtoto wa namna hiyo. Kamba za viatu vyake nilizifunga mwenyewe, nikazifungua, nikazifunga tena. Miguu yake ilikuwa na kasi ya mvua lakini haikujua kunyamaza, na kunyamaza ndiko nilikomfundisha. Mwaka baada ya mwaka nilimfundisha kubeba mwili kwa mguu mmoja mpaka ule mwingine uwe mwepesi kama kalamu. Nilimfundisha kuacha sauti imalizike kabla ya kuleta nyingine, na kutokimbia wenzake wakikimbia. Alikua mikononi mwangu. Alipokosea aliniangalia, nikitikisa kichwa anarudia, nikifumba macho anajua amepata. Nilijiambia: Rukia ana chumba, mimi nina huyu.

Bosibori alipofika ule umri ambao wasichana huanza kurefuka ghafla, Mkurugenzi alikuja Kebirigo kukagua. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akafumba macho ili asikie miguu tu, kama ilivyokuwa desturi yake. Watoto walicheza wote. Halafu akamwomba Bosibori acheze peke yake. Alipomaliza, Mkurugenzi hakufumbua macho mara moja.

"Huyu aje mjini," akasema. "Nitamweka kwa Rukia."

Nikasimama kati ya kiti chake na mtoto. "Mkurugenzi, bado hajakomaa."

"Ndiyo maana namtaka sasa."

"Na hapa?"

"Hapa upo wewe. Utanitafutia mwingine."

Alisema hivyo kama mtu anayemwambia mkulima achume sukumawiki nyingine. Nilimsindikiza hadi barabarani, nikamshukuru kwa kututembelea, nikarudi ukumbini. Bosibori alikuwa ameketi sakafuni, viatu mapajani.

"Mwalimu, nikienda utakuja?"

"Kuna watoto wengi hapa," nilimwambia. Sauti yangu niliisikia kavu.

Akaenda. Na tangu hapo mafunzo ya muhula yakawa mateso. Nilipochungulia kwenye kioo cha mlango sasa nilimwona mtoto wangu, amevaa zile soksi, na Rukia akimrekebisha kiwiko. Kiwiko! Miguu yote ile niliijenga mimi, sauti kwa sauti, yeye anapewa aninyooshee viwiko. Na jambo baya zaidi ni kwamba aliviweka vizuri. Mtoto alipendeza.

Mwisho wa mwaka shule ilifanya onyesho katika ukumbi mkubwa mjini. Wageni walitoka mbali. Mimi nilikuwa nyuma ya jukwaa na watoto wangu wadogo wa Kebirigo, nimebeba mfuko wa viatu. Bosibori alicheza wa mwisho. Katikati ya mchezo alisimama kimya kabisa, mguu mmoja hewani, ukumbi mzima ukaacha kupumua, kisha akaushusha kwa sauti moja ndogo ya ncha. Watu waliinuka vitini. Ukimya ule ulikuwa wangu. Niliujua kama mtu anavyojua kikohozi cha mwanawe kanisani.

Mtangazaji wa redio ya huku kwetu akamfuata na kinasa sauti. "Msichana, nani amekufundisha haya?"

Bosibori alikuwa anahema. Rukia alikuwa amesimama kando yake, mkono begani kwake.

"Mwalimu Rukia," akasema.

Nilipiga makofi. Nilipiga kwa nguvu mpaka mtoto mmoja wangu akanitazama. Baadaye walitupa chai na mandazi, nikauma andazi moja mara moja, nikalirudisha kwenye sahani. Mwalimu mwenzangu wa tawi jingine akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia mandazi hayo yana soda nyingi.

Basi ilipotokea ile habari ya Nairobi, mimi nilikuwa wa mwisho kuambiwa. Chuo kimoja cha sanaa huko kilitaka kumchukua Bosibori, asome sekondari na kucheza, alale hukohuko. Baba yake, Mzee Nyang'au, akakataa. Mkurugenzi mwenyewe alikwenda kumwona. Alipewa chai, akapewa ndizi, akapewa jibu: hapana.

Siku mbili tatu zikapita. Nilikuwa nje ya jiko langu nikichambua chinsaga, ile mboga yetu chungu, nikamwona Rukia anashuka njia ya kwetu na viatu vyake vizuri kwenye tope. Hakuwahi kufika kwangu. Nikamwambia akaribie. Akavuta kigoda, akakaa, akachukua fungu la mboga na kuanza kuchambua bila kuambiwa. Alikuwa anachambua vibaya, anaacha vijiti.

"Dada," akasema, "mzee amekataa."

"Nimesikia."

"Mimi nilikwenda jana. Hakuniingiza hata ndani. Tuliongea kwenye lango."

"Si wewe ndiye mwalimu wa mtoto?"

Aliondoa jani moja, akaliondoa jingine. "Ndivyo nilivyomwambia. Nikasema, mzee, mimi ndiye mwalimu wake, nisikilize. Akasema, 'Hapana. Mwalimu wa mtoto wangu namjua, na hajaja kuniambia kitu.'"

Nilishika mboga mkononi nisiione. Ningependa kuwaambia nilimfikiria Bosibori saa ile. Nilimfikiria Nyang'au, na kwamba anastahili kukaa kiti cha mbele kanisani maisha yake yote.

"Rudia alivyosema," nikamwambia Rukia.

Akainua macho. "Umesikia, dada."

"Rudia."

Akarudia. Kisha akaweka mboga chini. "Na mimi nikuambie jambo. Kwangu huletwa watoto waliokwisha kuiva. Wanajua kila kitu. Huyu Bosibori, tangu alipofika, akikosea anatazama mlangoni. Mwanzoni nikadhani anatazama saa. Nikaihamisha saa. Akaendelea kutazama mlangoni." Akapangusa mikono kwenye suruali. "Anatafuta mtu wa kumtikisia kichwa. Mimi niko mbele yake pale, hanioni. Unafikiri nimekaa raha miaka yote hii? Mtoto hata mmoja hajawahi kunitazama hivyo."

Nilikuwa nimezoea kumwonea wivu kiasi kwamba sikujua niweke wapi wivu wake. Nilimwambia tu, "Vijiti uvitoe. Ukiviacha inakuwa chungu zaidi."

Tulikwenda kwa Mzee Nyang'au asubuhi yake, mimi mbele, Rukia nyuma. Alikuwa ametoka kupeleka majani chai, ameketi kwenye benchi nje ya nyumba, gambuti kando. Alinisalimu kwa Ekegusii, akamsalimu Rukia kwa Kiswahili. Rukia akamjibu kwa Ekegusii ya mama yake, iliyochakaa kidogo, na mzee akatabasamu bila kutaka.

"Mwalimu," akaniambia, "wewe ni wa kanisa letu. Wale watu wa Nairobi wanafanya mazoezi Jumamosi. Sabato ya mtoto wangu itakuwaje? Na akishazoea kupigiwa makofi na watu wasiomjua, atarudi hapa kuwa nani? Niambie wewe. Ukisema aende, ataenda. Ukisema asubiri, atasubiri."

Neno moja lilikuwa kwenye ulimi wangu: asubiri. Neno la hekima, neno la kanisa, hakuna ambaye angelilaumu. Akisubiri, ataacha mjini pia, maana mzee alikuwa amechoshwa na mjini. Atarudi ukumbini kwangu karibu na kituo cha majani. Atacheza ninaposikia. Hakuna mtangazaji atakayemuuliza kitu.

Bosibori alikuwa mlangoni mwa jiko. Nilimtazama miguu, maana ndiko macho yangu huanzia. Ilikuwa imekaa sambamba kwenye udongo, haisogei. Mwili wote ulikuwa umeegemea miguu yote miwili kama mzigo ulioshushwa. Tangu mama yake alipomleta kwangu sikuwa nimeiona hivyo hata dakika moja.

"Aende," nikasema.

Mzee akanitazama. "Na Sabato?"

"Sabato nitaisemea mimi mwenyewe."

Nikatoa simu palepale, Rukia akanitajia nambari ya mkuu wa kile chuo, mama mmoja wa Nairobi. Nilimweleza kwa Kiswahili changu cha kukanyaga mawe kwamba kuna mtoto anakuja, Jumamosi hachezi, na kama hilo haliwezekani waseme sasa wakati baba yake anasikia. Nikasikia karatasi zikifunuliwa upande wa pili. Kisha yule mama akasema Jumamosi wangemwacha aende kanisani, na Jumapili angefidia. Nikaweka sauti ya juu, arudie mzee asikie. Akarudia.

Mzee Nyang'au akavaa gambuti zake. "Basi," akasema. "Mwalimu wake amesema."

Rukia alikuwa kando yangu. Aliinama kupangusa tope kwenye viatu vyake.

Kwenye kikao cha walimu kilichofuata, Mkurugenzi alisema, "Tumshukuru Rukia kwa kumshawishi yule mzee." Rukia akanyoosha mkono, akasema, "Si mimi, Mkurugenzi. Ni Mwalimu Kwamboka." Mkurugenzi akasema, "Vizuri, vizuri," na kuendelea na habari ya mapazia. Niliyatazama mapazia hayo mpaka kikao kikaisha.

Miaka ya mwisho ya kazi yangu haina mengi. Mkurugenzi alistaafu, Rukia akawa Mwalimu Mkuu. Niliuonea wivu ule wadhifa, ingawa nisingeutaka, kwa kuwa una mikutano mingi. Alipopata nafasi ya kuamua, jambo la kwanza alilofanya ni kuagiza kioo kipelekwe Kebirigo. Kilikuja kimefungwa kwa magunia, kikawekwa ukutani, na watoto wakatumia wiki nzima kujitolea ulimi. Nikagundua kwamba hakisaidii sana. Mtoto anayejitazama huacha kusikiliza. Sikumwambia.

Nilifundisha mpaka goti la kulia likaanza kunijibu kila nilipolituma. Mwalimu wa densi haachishwi kazi na barua, huachishwa na ngazi. Siku niliposhindwa kuonyesha hatua na kumwomba mwanafunzi aionyeshe badala yangu, nilijua. Waliniaga kwa keki na hotuba. Mratibu alisema maneno machache, kwa kifupi, mpaka keki ikaanza kuinama.

Mnaniuliza, ninyi vijana, niwaachie nini. Legezeni skrubu kidogo. Anzeni na makofi. Msifundishe juu ya saruji hata mkibembelezwa. Na wivu msiuogope. Wako waliostaafu wakidai hawakuwahi kumwonea mwenzao wivu. Hao niliwasikia wakicheza, na hawakuwa wakisikiliza chumba cha pili. Mimi nilisikiliza chumba cha pili maisha yangu yote. Kila nilichojua Rukia anafundisha vizuri, nilirudi nyumbani nikakifanya mpaka nikakiweza. Bila yeye ningekuwa mwalimu wa chekechea mwenye viatu vya kelele. Hilo pia sijamwambia, na sina haraka.

Bosibori sasa ni mtu mzima. Anacheza Nairobi, anasafiri, na likizo iliyopita alikuja nyumbani akaitisha darasa la watoto Kebirigo. Nilikwenda kutazama. Alikuwa mbele yao, mrefu, miguu yake inamwaga sauti kama mahindi kwenye karai, na watoto walimtazama vinywa wazi. Nilikaa kwenye benchi ukutani. Hakuna aliyenijua, wale niliowaacha wadogo wamekwisha kuhama darasa, na hawa ni wapya. Wivu ukanipanda, ule ule, mbichi kabisa. Miguu yake ilikuwa inafanya mambo ambayo yangu haikuwahi kuyafikia hata katika ujana.

Kulikuwa na kitoto kimoja cha kike, pua inachuruzika, kilichokuwa kinakosea kufagia na kurudi. Bosibori alikionyesha mara nyingi, upesi, kwa madoido. Kikashindwa, kikaja kukaa benchini karibu nami, midomo imevimba.

"Nyanya, wewe unajua hii?" kikaniuliza.

Nikainuka. Nilikuwa na viatu vya kawaida, soli ya mpira, havina bati. Nikashika ukuta kwa mkono mmoja. Nikaweka mwili wote kwenye mguu wa kushoto, goti zima, na ule wa kulia nikauacha mtupu. Nikafagia. Nikarudi. Polepole, sauti ya mpira juu ya mbao, ndogo mno, lakini mbili, na kila moja ikamalizika kabla ya nyingine. Nikarudia. Kile kitoto kikashuka benchini, kikaweka mguu wake kando ya wangu, kikafanya. Kikafanya tena. Mara ya tatu kikapata.

Kikakimbia hadi mbele. "Mwalimu!" kikamwambia Bosibori. "Mimi nataka nifundishwe na huyu nyanya. Yake naisikia."

Watoto wakacheka. Bosibori naye akacheka, lakini kicheko kilichelewa. Kwanza alinitazama mimi, akatazama miguu yangu ndani ya vile viatu vya mpira, akakitazama kile kitoto, na kitu kikapita usoni mwake, kidogo, kwenye pembe ya mdomo. Mtu mwingine asingekiona; mimi nilikijua, maana nimeishi nacho tangu ile asubuhi ya kwanza na Rukia.

Nilikaa chini taratibu, goti linauma, na nikajua kwamba huyo hatabaki mchezaji tu, atakuwa mwalimu. Sikumwambia pole. Nilisogea kidogo kwenye benchi nikampa kile kitoto nafasi upande wangu, kikaja kukaa.